Muhogo Usilainike Bado

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba
Nimemenya muhogo mchungu na kuuloweka kwenye pipa nyuma ya nyumba. Espoir alinibebea maji. Mume wangu! Bado napenda kuliandika neno hilo. Kisha akawasha pikipiki yake, anapeleka mizigo ya mfanyabiashara mmoja Walikale. Alinibusu mbele ya mama yake, bila haya! "Mbele muhogo ulainike, niko hapa," alisema, yaani atarudi kabla haujalainika. Nimecheka peke yangu siku nzima.

Jumanne, tarehe 7
Vipovu vidogo juu ya maji. Shuleni tulijifunza: vijidudu visivyoonekana vimeanza kazi, vinaulainisha muhogo ili sumu itoke. Vifanye polepole. Simu ya Espoir haipatikani.

Jumatano, tarehe 8
Risasi upande wa barabara ya Walikale. Watu wanapita na magodoro kichwani, wanaelekea Mweso. Maji ya pipa yamekuwa meupe, yananuka uchachu. Niliminya kipande, kidole kikaacha alama. Naogopa. Naogopa sana. Nilimwaga maji yote, nikajaza mengine ya baridi kutoka chemchemi. Ujinga, najua. Lakini alisema mbele ulainike.

Alhamisi, tarehe 9
Nimemwaga tena. Povu hakuna. Muhogo mgumu. Nikafurahi kama mtoto.
Simu kimya.

Ijumaa, tarehe 10
Mama mkwe alitia mkono ndani ya pipa. "Weye bibi-arusi, uliloweka muhogo ao uliuogesha?" Majirani wakacheka. Mimi sikuweza.

Unga umeisha nyumbani. Mama mkwe alisema tuutoe hivyo hivyo, tuukaushe, tuutwange, maana tukikimbia lazima tubebe chakula. Wakati fulani watu walipokimbia vita, jirani yetu aliwapikia wanawe muhogo ulioharakishwa. Binti yake anatembea kwa fimbo mpaka leo, miguu imekakamaa. Mama anamjua vizuri. Alidhani tu kwamba sumu ya wetu imeshatoka, ila baridi ya milima inauchelewesha kulainika. Hakujua nimekuwa nikivimwaga vijidudu pamoja na maji.

Nikamwambia yote. Akaufuta mkono wake kwenye kitenge.

"Mutoto yangu, njo unamungojea ivi?"

"Ndiyo, Mama, hivi ndivyo ninavyomngojea."

Hakunigombeza. Alienda kwa jirani, akarudi na ndoo ya maji machachu ya muhogo wao. Akanipa nimimine mwenyewe ndani ya pipa, vijidudu virudi. Nilimimina huku nalia.

Jumapili, tarehe 12
Umelainika. Wote. Unavunjika mkononi, nyuzi zinatoka zenyewe. Harufu kali, ile inayotakiwa.

Espoir hayupo.

Tumeuanika kwenye mkeka, mimi na Mama. Misa sikwenda. Kila pikipiki inayopita inanisimamisha. Kuna neno wanaloitwa wanawake waliofiwa na waume. Sitaliandika hapa.

Jumanne, tarehe 14
Amekuja. Kwa miguu, bila pikipiki, bila viatu. Hajasimulia. Sijauliza. Alisimama kando ya mkeka akatazama vile vipande vyeupe, vikavu.

"Nimechelewa?"

"Hapana," nilimwambia. "Bado haujatwangwa."

Sasa amelala ndani. Mama anatwanga uani, polepole, asimwamshe.