Mwendo wa Kuzungumza

Kwako dada yangu,

Nakusalimu wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Mgongo umepoa? Mama anakula vizuri? Huku mke wangu hajambo na watoto wanasoma. Mimi mwenyewe napumua. Usishangae mwandiko, vidole viwili vya mkono wa kulia viliunga vibaya, ndiyo maana nimekaa kimya miezi yote hii.

Ulisikia kwamba daktari alinikuta na presha ya kutisha, akaniambia nikimbie kila asubuhi la sivyo siku moja nitaangukia msumeno kiwandani. Hakuniambia nikimbie vipi. Kesho yake nikavaa buti zangu za kazini, zile zenye chuma mbele, na shati lililochanika begani, nikatoka mbio kama nimechomwa moto. Nilidhani kukimbia ni kumaliza nguvu zote. Kufika sokoni visigino vilishachubuka na macho yamenitoka. Muda huohuo mwenye duka mmoja alikuwa anatafuta mkoba wake haupo. Aliponiona napita, akapiga kelele za mwizi.

Dada, sikuwa hata na pumzi ya kusema jina langu. Ngumi ya kwanza iling'oa jino, nikalimeza. Teke likaingia mbavuni, na nikasikia mlio wa mfupa kabla ya maumivu. Mtu alinikanyaga mkono, akausaga kwa kisigino kama anazima sigara. Kinyozi anayeninyoa kila Jumamosi alikuwemo. Hakunitambua, au alinitambua, sijui. Nilijikojolea. Mwingine alishanyanyua tofali.

Aliyeniokoa ni fundi viatu wa pale pembeni, mwanamke mfupi, mnene, tunayemwita Sindano. Alijirusha juu yangu, tofali likamshukia yeye begani, na hakuinuka. Aliwafokea watazame miguu yangu, wamwonyeshe mwizi gani anakwenda kuiba na buti za kilo mbili. Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowapoza. Wakatawanyika kwenda kufungua biashara zao. Mkoba ulikutwa chini ya meza.

Mifupa ilipounga nikaenda kumshukuru. Hakutaka shukrani. Alinisimamisha, akanipima miguu yote miwili, akasema wa kushoto ni mkubwa na kiatu hupimwa kwa mguu mkubwa. Akanichagulia raba za mtumba, nyepesi, soli laini, nafasi ya kidole gumba mbele, kisigino kisichocheza. Kisha akasema tutakimbia wote, kwa kuwa yeye hukimbia kila siku na nikiwa naye hakuna atakayenigusa. Sharti lilikuwa moja: twende mwendo ambao ninaweza kusema maneno kumi bila kuhema. Nikishindwa, tunatembea mpaka pumzi irudi. Mwanzoni tulitembea zaidi kuliko kukimbia, na vikongwe walitupita. Wiki ya sita nilizunguka uwanja mzima nikimsimulia ugomvi wa msimamizi wetu na mkewe. Presha nayo imeshuka.

Jumanne iliyopita akasimulia yeye. Alisema alinilalia mimi kwa sababu alichelewa kumlalia mdogo wake. Huyo alikuwa fundi rangi. Miaka sita iliyopita walimuua nyuma ya stendi ya malori, kwa kusingiziwa betri ya gari. Sindano alimtambua kwa rangi ya kijani kwenye kucha, maana uso haukuwa na cha kutambua.

Dada, hapa naomba ukae chini. Unalikumbuka shati la bluu nililokuja nalo kwako, nikasema pua imetoka damu kiwandani, ukalifua mara tatu? Damu ile haikuwa yangu. Jioni ile nilikuwa natoka kazini, napita nyuma ya stendi ya malori na kipande cha mbao mkononi. Nilisikia wanasema mwizi, sikuuliza kaiba nini. Nilimpiga mara mbili, na nisikufiche, nilifurahi. Nikaja kwako nikala sahani mbili.

Nilimwambia Sindano palepale, tukiwa bado tunakimbia. Pumzi ya kusema ilikuwepo, sikuwa na kisingizio. Akasimama.

"Ulimpiga wapi?"

"Magotini. Yote mawili."

"Basi wewe ndiye uliyemzuia asikimbie."

Akaokota jiwe. Sikukinga uso. Alinipiga nalo mdomoni, akarudia, mkono wake ukajaa damu yangu. Mara ya tatu aliliinua, likabaki juu muda mrefu, halafu akalitupa mtaroni. Akaniambia niende polisi kwa miguu yangu mwenyewe, kabla hajanipeleka yeye.

Nilikwenda jana. Ofisa aliandika kurasa nne, akaniruhusu nikaage nyumbani. Kesho saa tatu narudi, na nguo za kubadilisha. Sijui nitatoka lini. Mama mwambie wewe, taratibu, kabla hajasikia kwa watu. Ila usimwambie kwamba nilisukumwa na kundi. Sikusukumwa, nilijipenyeza mwenyewe mpaka mbele.

Msalimie shemeji, wakumbatie wapwa zangu. Mke wangu anakusalimu, ingawa tangu jana hajanitazama usoni. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi,
kitindamimba wenu.