Mvua ya Mawe Iliyoturuka

Karibu na Keumbu, Kisii
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi Mokeira,

Kuna sauti moja haijaniondoka tangu Alhamisi: jiwe moja likiangukia bati letu mchana, jua likiwaka. Nitakueleza. Kwanza, hujambo? Mguu unaendeleaje na joto la Garissa? Sisi tu wazima. Nyanya anakula, anasali, ila usingizi hapati. Nimeandika barua kwa sababu ukipiga simu yeye hukaa hapo hapo akisikiliza, na haya sikutaka ayasikie mara ya pili.

Wiki hii hali ya hewa haikutulia hata siku moja. Jumatatu jua lilichoma hadi tukaanika wimbi. Jumanne saa tisa mbingu ikawa nyeusi, mvua ya mawe ikashuka kwa dakika kumi na kuichanachana chai ya mlima mzima. Yetu haikuguswa. Mawe yalifika kwenye ua wetu yakaishia hapo. Shuleni nilifundishwa kwamba mvua ya namna hii hupita kwa ukanda mwembamba, na wiki nzima nimewaeleza watu hivyo. Wananisikiliza kwa adabu sana.

Jumatano kulikuwa na ukungu na baridi. Nyanya alichuma, akabeba kikapu kilichojaa hadi kituo cha kununulia chai. Nilimsihi akae, akasema majani hayangoji. Huko hakuna mwingine aliyekuwa na kikapu. Watu walikuja kumwuliza karani tu kama watafikiriwa kwa hasara yao. Bosibori, jirani yetu, alimwuliza nyanya, "Mama Ogari, na yako imeponaje?"

Nyanya akajibu kwa furaha, "Mungu amenikumbuka."

Wengi wao ni Wasabato kama yeye. Hakuna aliyeitikia amina.

Alhamisi jua lilirudi, na lile jiwe likaja. Nililiokota uani nikalishika muda mrefu, kana kwamba nangoja liyeyuke.

Ijumaa ilinyesha tangu asubuhi. Nyamongo, yule mwenye shamba la chini yetu, alikuja na wanaume watano wakasimama barazani, maji yakiwatiririka. Hakupandisha sauti. Alitaka nyanya aseme mawe yetu aliyatuma kwa nani. Nikaanza habari ya ukanda. Akacheka kidogo.

"Msomi," akaniambia, "bati halishiki moto. Lakini kitanda hushika."

Wakampa nyanya hadi Jumatatu awe amejibu. Mmoja wao alikuwa Ochoki, aliyetusaidia kuchimba kaburi la baba. Yeye alitazama viatu vyake muda wote. Nilikimbia kwa naibu wa chifu, naye akanishauri tuhame kwanza, hasira zipoe. Nyanya alikataa. Alisema akihama atakuwa amekiri uchawi.

Jana kanisani alikaa kwenye benchi lake la kila Sabato. Watu walijaa nyuma, wengine wakasimama, na benchi hilo likabaki na yeye na mimi. Aliimba sauti ya pili hadi mwisho, bila kukosea. Hapo ndipo nilipoamua.

Wasalimie Fred na Cynthia. Waambie wasije kwa sasa, na usiwaambie sababu.

Shangazi, leo asubuhi nilikata fimbo ya mkaratusi nikaingia kwenye chai yetu. Nilipiga mche baada ya mche hadi majani yakachanika na machipukizi yakaanguka. Mikono imevimba, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Nyanya hakunizuia. Aliniomba tu niache mistari minne uliyoipanda wewe ukiwa darasa la sita. Lakini hiyo ndiyo inayoonekana kutoka barabarani, kwa hiyo nilianza nayo. Nyamongo alisimama akitazama hadi nikaumaliza wa nne, akaenda zake.

Saa saba Bosibori alikuja na chupa ya maziwa, mtu wa kwanza kuingia uani mwetu kwa wema tangu Jumanne. Alimshika nyanya mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni na mvua ya mawe," akasema.

Nyanya alinitazama. Mimi nikapokea chupa, nikamshukuru.

Mungu akutunze huko uliko, na akupe moyo wa kunisamehe hiyo minne.

Binti wa kaka yako, akupendaye hata ukikasirika,

Nyanchoka