Waliona Makaburi

Jumatatu, 2 Machi
Nimeosha brashi. Kijani imeisha, nitachanganya bluu na njano. Mvua tangu asubuhi, baridi mpaka kwenye mifupa. Picha yetu kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, kijijini Mollo, imekamilika: wanawake wanafukia nyasi na kuinua ntumba, yale matuta yetu ya duara, mteremko mzima. Deusi alichora anga. Mimi udongo. Ataleta posa kwetu baada ya Pasaka.

Jumatano, 4 Machi
Nimeitwa ofisi ya wilaya. Ofisa ni mgeni huku, hajamaliza miezi miwili. Ana ukuta wetu kwenye simu yake.
"Binti, haya makaburi ni ya akina nani?"
Nikacheka. Kosa kubwa.
Nilimweleza. Nyasi zinaoza chini, maharage yanapandwa juu, mwakani ulezi. Hakusikiliza. Kuna vijana hawajarudi makwao tangu maandamano, akasema, na sisi tunawachorea makaburi. Sikuwa nimewaza hivyo. Naapa.

Alhamisi, 5 Machi
Deusi kaondoka. Kavukia Zambia, upande wa Mbala, kabla hawajamfikia. Ujumbe mmoja tu: nisimtafute, nitupe laini. Nimeitupa. Najuta.

Jumatatu, 9 Machi
Wanataka niandike maelezo: Deusi ndiye aliyeagiza tuchore makaburi. Nikiandika, naachwa huru. Yeye hatakanyaga tena nchi hii.
Nimeandika ukurasa mzima kuhusu kilimo cha Wafipa. Ofisa kaukunja mara nne.
"Haya, mwalimu wa kilimo. Kesho utaifuta picha mwenyewe. Na kuta za watu usiziguse tena."

Jumanne, 10 Machi
Nimefuta. Ndoo mbili za chokaa. Waliokuja kusaga walisimama na magunia yao, hakuna aliyenisalimu. Mzee mwenye mashine tu ndiye aliyesogea.
"Anza na anga, mwanangu. Udongo ni wako, utakuuma."
Nilianza na anga. Ndilo lililoniuma.

Jumapili, 15 Machi
Misa. Sikusikia neno. Namtamani Deusi. Ubishi wake. Anavyosogea nyuma hatua tatu kuangalia rangi na kukanyaga kopo, kila siku, kopo lilelile. Sijui analala wapi.

Jumamosi, 28 Machi
Jua kidogo. Nimemaliza picha ndogo, juu ya ubao wa boksi. Shamba letu, migomba, njia ya kwenda kisimani. Mama aliishika karibu na dirisha, akaigeuza.
"Shamba la nani hili?"
"Letu, mama."
"Letu, halafu halina tuta hata moja?"
Akaiegemeza ukutani, akarudi kuchambua maharage yake.
Niliyajaribu matuta mara tatu. Nilianza na duara kila mara, na kila mara yalitoka marefu, kimo cha Deusi.