Pini Midomoni

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini. Sisi huku hatujambo. Baba bado anakohoa asubuhi, ila hataki kuitwa mgonjwa. Mdogo wangu amepoteza meno ya mbele, siku hizi anacheka amejiziba mdomo.

Shuleni tumeonyesha mchezo wa kuigiza usio na neno hata moja, miili tu ndiyo inayosema. Unahusu sisi wasichana na dunia ya leo. Baba, anayeniita Chiriku kwa kupayuka kwangu kutwa, aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Chiriku kwenye mchezo wa kimya! Basi hata redio itafunga mdomo."

Mwalimu wa sanaa hakutupa maandishi. Alitaka kila mmoja alete jambo ambalo mwili wake, au wa mwanamke wa kwao, hulifanya bila kufikiri. Rafiki yangu alileta namna anavyokumbatia mkoba kifuani akipita penye kundi la wanaume. Mwingine alileta tabasamu la picha, linalozima mara simu inaposhushwa. Mimi nilimleta Mama, amepiga magoti mbele ya mteja akipima pindo, pini midomoni. Unamjua: anasikia yote, wala hajibu.

Basi nikasimama na pini za kuwazia. Wenzangu walikuja kupimwa, kila mmoja akinimwagia mambo yake kwa mikono na mabega, nami nikayapokea midomo nimeibana. Mwishoni nikazitoa pini, nikafungua mdomo, sauti isitoke. Taa zikazimwa.

Zilipowaka watu walikuwa wanapiga makofi, lakini kiti alichokuwa amekaa Mama kilikuwa kitupu.

Mama Mdogo, tumechaguliwa kwenda kuuonyesha mchezo mji mwingine, na ruhusa iko kwa Mama, ambaye tangu mwanzo aliuita mchezo wa watu wasio na kazi. Tena ukumbini walikuwamo wateja wake. Nikajua nimemwanika.

Nilimkuta nyumbani kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Nikakaa naokota vipande vya nyuzi sakafuni.

Hatimaye akatoa pini mdomoni.

"Umekosea," akasema. "Mimi nabana upande wa kushoto. Kulia naacha wazi, nipate kumjibu mtu akizidi."

"Mbona sijawahi kukusikia ukijibu, Mama?"

Akaniita nipige magoti pale alipo. Akaniwekea pini za kweli midomoni, akazisogeza kushoto kwa kidole, taratibu, kama anavyonyoosha kola.

"Hivyo. Huko mnakokwenda watakuwepo mafundi wanaoijua kazi. Usiniaibishe."

Nilitaka kumshukuru, lakini ningezimeza pini.

Nisalimie Baba Mdogo na mapacha wako wale watundu. Baba anakusalimu. Mama naye yuko hapa mbele yangu, ana pini mdomoni, amenipungia mkono niandike kwamba anakukumbuka sana. Mungu akutangulie katika kila hatua, na goti lako pia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Chiriku