Kanda ya Kupamba kwa Rukiya

Jumapili, 7 Juni 1987

Nimechoka. Kupamba kwa Rukiya kumekwisha salama — na kanda imetoka! Deki niliiweka LP, mwendo wa polepole, ili kanda moja itoshe shughuli nzima. SP, mwendo wa kawaida, ingetoa picha safi zaidi, lakini ngoma haimngoji mtu abadili kanda.

Wanawake vichwa wazi, mabega wazi, dhahabu hadi viwikoni. Ndiyo maana walinichukua mimi, mwanamke, si wale wapiga picha wa mjini. Bi Kuluthumu, mama yake bibi harusi, aliniapisha mlangoni. Jicho la mwanamume lisiione kanda hii.

Mwishoni Bi Maimuna, mamake Bi Kuluthumu na nyanya yake Rukiya, akainuka kucheza. Yule ambaye akiona kamera tu hujifunika uso! Akaniambia, leo nipige, mjukuu wangu, leo nina raha.

Ijumaa, 12 Juni

Bi Maimuna amefariki. Usingizini. Wamemzika baada ya sala ya Ijumaa. Siamini.

Jumapili, 14 Juni

Nimetoka matangani. Bi Kuluthumu aliniuliza neno moja tu: "Mama yumo?" Nikamwambia yumo. Akanishika mikono yote miwili. Hana picha ya mamake hata moja. Hata moja!

Tukaitia kanda kwenye deki yao, chumba cha ndani. Ole wangu. Deki yao haiijui LP. Watu wakakimbia kama siafu, sauti kama za vifaranga. Bi Kuluthumu akaziba masikio. "Ndiyo sauti ya mamangu hiyo?"

Nimemwahidi kumtolea nakala ya SP.

Jumanne, 16 Juni

Deki yangu imeitafuna kanda! Nilikuwa nairudisha nyuma tu. Nimefungua kifuniko, nimeichomoa taratibu, najisemea bismillahi bismillahi. Imekunjamana pale mwanzoni, wageni wakiingia. Bi Maimuna yuko mbali zaidi. Lakini ni deki hii tu, hii inayotafuna, inayoweza kuisoma.

Nifanyeje? Kwenda Mombasa? Nipange foleni ya kivuko cha Kilifi na kanda kifuani, halafu? Fundi wa Mombasa naye ni mwanamume.

Jumatano, 17 Juni

Nimekwenda kwa Thuku, mwenye duka la kanda karibu na soko. Ana deki nzuri ya kunakilia, ingawa nayo haisomi LP, na mtambo wa kutuliza umeme. Huku kwetu Shela umeme unapanda na kushuka, sithubutu.

Nikamweleza. Ifunguliwe deki yangu, kanda iende mbele tu, isisimamishwe — ikisimama ndipo inapotafuna. Yake inakili kwa SP, kanda ya kwanza ikijaa tunatia ya pili, yangu ikiendelea. Hapo tulikubaliana. Kisha nikamwambia hatakiwi kutazama.

Alicheka. "Mama, hii kazi ni ya macho. Nitarekebisha picha namna gani na siioni?"

Nikasema tutazima televisheni, tunakili gizani. Hakucheka tena. Akasema amewahi kunakili hivyo, ikatoka mistari mitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kanda asili ikaharibika pale pale. Deki kama yangu, anasema, huenda ikakubali mara moja tu.

Mara moja!

Mkewe, Jedida, alikuwa akipanga kanda rafuni. Akasema yeye atatazama. Thuku asimame nje ya pazia, amwelekeze kwa mdomo.

Alhamisi, 18 Juni

Bi Kuluthumu amekubali Jedida. Thuku, hapana. Nilimuuliza kwa upole, je, ikilazimu? Akaniita kwa jina langu, "Hindu, mwanangu, wale ni mabinti wa watu. Ikilazimu, ivunje." Alisema hivyo huku macho yamemvimba kwa kilio. Atakuja mwenyewe.

Sikula leo.

Jumamosi, 20 Juni

Naandika hapa hapa, chumba cha nyuma dukani kwa Thuku. Nikiacha kuandika nitaigusa deki. Duka limefungwa. Bi Kuluthumu kwenye kiti, Jedida amepiga magoti mbele ya deki yangu na ya mumewe, Thuku nje ya pazia.

Rukiya amepita. Amepita vizuri! Rangi, hina, kikuba cha maua kifuani, vyote. Bi Kuluthumu amesogeza kiti mbele. Anangoja.

Kanda ya pili imeingia. Sasa ni mtihani.

Mistari. Imeanza chini, inapanda. Thuku anauliza kwa nje, mistari iko wapi? Jedida anamjibu. Anamwambia azungushe kidude cha kunyoosha picha. Amezungusha. Haisaidii. Thuku anasema kuna kinguzo ndani kimelegea, kanda inapanda juu, kishikwe kwa kidole huku mtu akitazama picha. Jedida amejaribu — picha imetoweka kabisa! Amerudisha mkono. Anamlilia mumewe. "Baba, siwezi, nitaikata."

Bi Maimuna ameinuka. Nimeuona mkono wake juu na leso yake, mistari imemkata kiuno. Sauti inakuja na kwenda.

"Mama!" amesema Bi Kuluthumu, kama anayemwita mtu aliye barabarani.

Amesimama. Amevuta buibui mpaka kidevuni, amechukua leso aliyokuwa akifutia machozi, ameitupa juu ya televisheni. Imefunika kioo chote. Kisha akasema, "Mwite."

Thuku ameingia kichwa chini, kando kando ya ukuta. Amempa shikamoo. Amepiga magoti, ametia kidole. Sauti imenyooka kidogo. Chini ya leso mwanga unacheza, Bi Maimuna anaimba, wanawake wanamwitikia.

"Mama," anasema Thuku, macho sakafuni, "sauti peke yake hainiambii. Nikibonyeza zaidi bila kuona, nitaikata."

Bi Kuluthumu amenigeukia mimi. "Hapo yuko nani?"

Nimemwambia ni Bi Maimuna peke yake. Wengine wamekaa nyuma, hawaonekani.

"Kichwa wazi?"

Nimesema ndiyo. Kichwa wazi. Anacheka.

Deki inalia. Thuku hajainua macho. Bi Kuluthumu ameshika pindo la leso. Ameshika tu, hajaifunua.