Nilimkana Mtu wa Ushongo

Uingereza, Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Mwanaidi, Pangani.

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua cha mama kiwe kimepoa. Mimi mwili wangu hauna neno. Baridi nimeanza kuizoea. Moyo ndio haujatulia, na kwa kuwa nachelea uso wa baba, nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Wiki tatu zilizopita mwalimu wetu wa sinema alitupeleka mji mmoja wa kale, mwendo wa saa mbili kwa gari moshi. Tulikuwa wanafunzi sita, mweusi mimi peke yangu. Mji ule umezungushiwa ukuta wa mawe, na vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wakipishana hugusana mabega. Tulitakiwa kupiga picha za kanisa lao kuu na mitaa yake, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kamera niliachiwa mimi. Usinicheke dada, nilivaa na tai.

Baada ya adhuhuri tulisimama kwenye kichochoro kimoja. Kamera inazungusha filamu, mara ukavuma upepo, miguu yake mitatu ikayumba. Nikaidaka huku nikisema kwa sauti, "Mama yangu, inaanguka." Kiswahili kilinitoka chenyewe. Wenzangu wakacheka.

Papo hapo mlango wa mkahawa ulio mbele yetu ukafunguliwa, akatoka mtu mzima, mweusi kama sisi, amefunga aproni iliyorowa, mikono imevimba kwa maji ya kuoshea vyombo. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Nimesikia mtu anamwita mama yake kwa Kiswahili," akasema. "Mwanangu, wewe wa wapi? Mimi Shomari, wa Ushongo. Mama yangu Bi Mize, muuza vitumbua. Nilitoka kabla ya vita, nikitia makaa melini, na kuandika sijui. Niandikie mistari miwili tu, ajue kuwa niko hai."

Mwalimu akaniuliza, "Unamjua huyu?"

Sasa dada, hapa nikuambie jambo ambalo hulijui. Nilipofika huku niliwadanganya wenzangu kwamba baba yetu ni liwali, mtawala wa mji. Mtu mzima yeyote wa pwani ya kwetu angeniuliza mimi mwana wa nani, na wa mtaa gani huko kwetu Tongoni, na baba yangu anafanya kazi gani. Niliitazama ile aproni, nikawatazama wenzangu wanaongoja jibu, nikaona haya.

"Simjui," nikasema kwa Kiingereza. Kisha nikamgeukia yeye, kwa Kiingereza hicho hicho, nikamwambia amekosea, mimi lugha hiyo siijui.

Alinitazama. Alijua kwamba nasema uongo, maana kilichomtoa ndani ni sauti yangu. Lakini hakunitukana wala hakubishana. Akasema taratibu, "Niwie radhi, bwana. Nilidhani mtu wa kwetu." Akarudi ndani, akafunga mlango polepole kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa.

Alianza kwa kuniita mwanangu, akamalizia kwa bwana.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mji ule peke yangu, na karatasi na bahasha mfukoni. Nilipomuulizia yule mwosha vyombo, mwenye mkahawa, mama mmoja mnene, akaniambia, "Sam? Aliacha kazi Jumatatu. Alisema anakwenda bandarini kutafuta meli."

"Bandari gani?"

"Hakusema."

Nikamwambia haitwi Sam, anaitwa Shomari. Akauliza, "Kwani ulikuwa unamjua?" Nikasema ndiyo. Safari hii niliweza kusema ndiyo, na haikumfaa mtu yeyote. Nilizunguka vichochoro vile mpaka gari moshi la mwisho.

Juzi picha zetu zilionyeshwa darasani. Mwalimu akasema kipande kile cha filamu chenye Shomari kikatwe kitupwe, kwa sababu kamera ilitikisika. Nikamwomba anipe. Nimekikunja humu ndani ya karatasi laini. Kiinue kwenye mwanga wa dirisha, utaona picha ndogo ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho. Shomari anatoka mlangoni, anakuja, uso wote kicheko.

Nakuomba dada, vuka mto uende Ushongo, umuulizie Bi Mize. Kama yupo, mpe kipande hiki mkononi mwake. Mwambie mwanawe yu hai, nimemwona kwa macho yangu. Akiuliza kwa nini hakuandikiwa barua, usinifichie kosa langu. Na akitaka kujua mwanawe alikuwa anachekea nini, mwambie alikuwa amesikia Kiswahili, na mimi nilikuwa bado sijamjibu.

Mbusu mama mikono kwa niaba yangu. Shemeji nampa salamu za heshima, watoto nawapakata wote. Bibi yetu wa Usagara mwambie dua zake nazihitaji. Baba msomee barua hii yote, usiruke neno.

Mimi mdogo wako, ninayengoja karipio lako,

Mbaraka