Niandikie Namba ya Damu Yako

Katesh, Hanang
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa binti yangu Irene,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua hata kama umenikasirikia huwezi kufungua barua ya mama yako bila kusema shikamoo moyoni. Ndivyo nilivyokulea, na kwa hilo sina wasiwasi.

U hali gani huko Newala? Vipi watoto wa darasa lako, na maji mnapata? Kile kichwa bado kinakuuma? Unakula vizuri? Hilo la mwisho naliuliza kwa sababu utakayoiona mbele. Sisi huku ni wazima, lakini si wote. Baba yako hajambo, mgongo tu unamsumbua asubuhi. Maharage tumeshang'oa, ngano za jirani zimeanza kugeuka rangi. Baridi imeingia na leo ni siku ya tatu mlima hauonekani.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara nyingi, na kila ukipokea unaniambia mama niko darasani, hata Jumapili. Sikulaumu. Tena simu yangu hii ikiongea wodi nzima inasikia, na mambo ninayotaka kukuambia si ya wodi nzima. Nikiyasema kwa mdomo nitalia au nitafoka, nawe unanijua, nitaanza na kufoka. Mwalimu Rogers, yule anayefundisha kwetu Basotu, amepata uhamisho wa Masasi, jirani na kwako, na anaondoka Ijumaa. Amekubali kukufikishia.

Wifi yako Mary amelazwa hapa Katesh tangu Alhamisi iliyopita. Mimba ina miezi minane na damu imemwisha. Nasema imemwisha kwa kuwa ndivyo ninavyoiona mimi, nikitazama kope zake zilivyo nyeupe ndani. Ameongezewa mfuko mmoja na bado unatakiwa mwingine. Daktari ametuambia wazi kwamba uchungu ukimshika akiwa katika hali hii, damu kidogo tu ikimtoka tunaweza kumpoteza. Kaka yako Yonas ameacha trekta la watu shambani, anakaa nje ya wodi amejikunyata, hata kula mpaka nimwamrishe.

Mimi nimefikia Jorodom, hapa hapa Katesh, kwa Imakulata, binti wa mama yangu mdogo, ambaye nyumba yake ilisalimika wakati ule tope liliposhuka kutoka mlimani. Nakwenda hospitali asubuhi, narudi jioni. Imakulata mvua ikianza tu anatoka nje kutazama mlima, na mimi natoka naye. Tunatazama, tunarudi ndani.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Mary alipoanza kliniki, mimba ya miezi minne, walimpima wekundu wa damu wakakuta tisa nukta nane. Wakampa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu, ameze kimoja kila siku. Akarudi nyumbani akaniambia, mama, nesi amesema nivimeze kwa maji, nisichanganye na maziwa wala chai. Nesi huyo anaitwa Judica, msichana wa Same, ana mwaka mmoja tu pale zahanati ya Basotu. Nilicheka, Irene. Nilisema huyo mtoto kwao ng'ombe wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, atatufundisha sisi maziwa? Toka lini dawa kali ikashuka kwenye tumbo tupu kwa maji ya bomba?

Unajua nyumbani kwetu. Mgonjwa anapewa maziwa, mzazi anapewa maziwa, mgeni akifika amechoka anapewa maziwa kabla hajaulizwa anatoka wapi. Na vile vidonge vilimchafua Mary tumbo kweli, alikuwa anatapika mpaka machozi yanamtoka. Basi kila asubuhi nilikamua yule ng'ombe mwekundu, nikamjazia kikombe cha bati mpaka juu, nikasimama mbele yake mpaka ameze kidonge na kumaliza kikombe. Baada ya hapo chai ya maziwa, nzito, ya kumtia nguvu. Kichefuchefu kikapungua. Nikawatangazia majirani kwamba mkwe wangu nimemtibu mwenyewe.

Alijaribu kukataa mara moja. Alisema, mama, lakini nesi alisema. Nikamwambia, nesi ndiye anayekulisha? Alikuwa anameza ananitazama, halafu ananirudishia kikombe kwa mikono miwili na kusema asante. Kila siku alisema asante.

Miezi ikaenda, na yeye akazidi kulegea. Akipanda kutoka ziwani na ndoo anakaa njiani mara tatu. Akifagia uwanja anashika ukuta. Wiki iliyopita, siku ile ya kliniki yenyewe, tulikuwa tunapepeta maharage, akakaa chini katikati ya turubai na ungo mapajani. Nilimwambia, Mary, inuka, uvivu huu utamrithisha mtoto. Nililitamka neno hilo saa mbili asubuhi. Saa nne tulikuwa zahanati, na damu ilikuwa sita nukta tano.

Judica akauliza vidonge anameza? Nikajibu mimi, kwa majivuno, kabla Mary hajafumbua mdomo. Nikasema anameza kila siku, tena kwa maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, na chai juu yake. Yule msichana akaweka kalamu mezani. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema, "Mama, maziwa ni mazuri, na chai haina ubaya. Lakini vikikutana na dawa hii tumboni vinaizuia. Damu haipati kitu." Akaniambia ni kama amekuwa akimeza nusu dawa na nusu bure tangu Januari.

Baadaye alinituliza, akasema si maziwa peke yake. Mimba tatu zimefuatana bila kupumzika, tena nyama kwetu ni mpaka sikukuu. Sawa, nimesikia. Lakini zile mimba sikumpa mimi. Maziwa nilimpa kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Halafu akamwuliza Mary, unakula udongo? Mary akainamisha uso. Akafungua pindo la khanga, na ndani kulikuwa na donge la udongo mwekundu, limeng'atwang'atwa pembeni. Judica akasema hamu ya namna hiyo mara nyingi ni dalili ya mwili kukosa madini ya chuma, na wanawake wengi wanaificha kwa sababu wanachekwa.

Irene, hapo sikumwona Mary tena. Nilikuona wewe.

Nilikuona ukiwa kidato cha pili, umesimama nyuma ya jiko unakwangua ukuta kwa kucha na kulamba vidole. Nilikuchapa. Ulipoendelea nilisaga pilipili nikaupaka ule ukuta wote, mpaka midomo ikakuvimba ukaenda shule umejifunika mtandio. Nilifikiri ni tabia mbaya. Na zile siku zako za mwezi, ambazo hatukuwahi kuzizungumza kama mama na binti, nilijua zinakwenda wiki nzima na zaidi. Niliona vitambaa kwenye kamba. Mama yangu hakuniambia kitu juu ya mambo hayo, na mimi nikanyamaza vilevile. Ulikuwa unarudi shule unalala kwenye benchi na sare, na mimi nakuita mvivu mbele ya wageni.

Sijasahau pia harusi ya Yonas. Usidhani nimesahau kwa kuwa sijawahi kuitaja. Ulikuwa umesafiri siku mbili kuja, ukaamka alfajiri kumenya viazi, na mchana ukasinzia juu ya magunia ya mchele. Nikakumwagia kikombe cha maji usoni, wanawake wote wakiangalia, nikasema sijui nilizaa binti au nilizaa gunia. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Wewe ulijifuta uso, ukamaliza viazi, na kesho yake ukapanda basi la kwanza bila kunywa chai. Huu ni mwaka wa tatu hujaja nyumbani.

Nilikuwa nasema una kiburi. Sasa nasema nilikosea, na nilikukosea wewe. Nisamehe, mwanangu. Nimeliandika mara moja tu hapa, lakini tangu Alhamisi nimelisema mara nyingi mno.

Kuna jambo jingine. Juzi waliomba ndugu wajitokeze kumtolea Mary damu. Yonas akatoa. Mimi nikasema na mimi nipo, nina deni na huyu mtoto, toeni mpaka mchoke. Wakanitoboa kidole, wakaweka tone kwenye kimashine, na nesi akatazama, akanitazama mimi. Tisa nukta moja. Akasema mama, wewe huwezi kutoa, wewe mwenyewe unahitaji dawa.

Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akaniuliza, "Mama, umeanza kuchoka lini?"

Nilikaa pale nikitafuta jibu. Nilirudi nyuma mpaka mwaka wa tope, sikuona. Nikarudi mpaka nilipokuzaa wewe. Nikarudi mpaka nilipoolewa. Nilikuwa natafuta siku moja ambayo niliamka sijachoka, Irene, na sikuipata. Nilidhani ndivyo mwanamke alivyo. Nilidhani wote tunaamka hivyo, na anayelalamika ndiye mvivu. Kumbe hata hasira zangu mlizokua nazo, sijui ni ngapi zilikuwa zangu na ngapi zilikuwa za uchovu.

Wamenipa vidonge na wameniandikia vipimo zaidi, kwa sababu wanasema kwa umri wangu damu haipungui bila chanzo, lazima kitafutwe. Naogopa kidogo. Baba yako sijamwambia, usimwambie. Vidonge namezea maji, na chai nakunywa muda mrefu baadaye. Vinanichafua tumbo kama vilivyomchafua Mary, na choo kinakuwa cheusi. Usije ukashtuka na wewe, nimeuliza, wamesema ni kawaida ya dawa hii. Leo Imakulata amenitafutia limau na mchicha, na maini kidogo. Nimemgawia Mary sehemu kubwa. Alipomaliza akanirudishia bakuli kwa mikono miwili akasema asante mama, nikatoka nje ya wodi.

Nimemwambia kila kitu. Nilimwambia, Mary, mimi ndiye niliyekuzuia kupona. Akasema, "Mama, nilijua, lakini ulikuwa unaamka mapema sana kunikamulia."

Hatujui itakuwaje. Mfuko wa pili wamesema utapatikana kesho au kesho kutwa. Mtoto bado anacheza tumboni, nimeweka mkono nimemsikia. Tuombee, na huko kanisani kwenu umtaje Mary kwa jina.

Ninachokuomba ni hiki. Nenda kapime. Usiseme una vipindi, usiseme umezoea. Mweleze daktari yote, zile siku zako zinavyokwenda, kichwa, kizunguzungu, na kama bado unautamani udongo mwambie bila aibu. Asikupe vidonge tu akakuacha, atafute na sababu. Na akikupa dawa, fanya anavyosema yeye, si anavyosema mama yako.

Halafu uje likizo ya Juni. Kitanda chako nilikitandika kabla sijaja huku, bila kujua kwa nini. Hutamenya kitu. Ukija utalala, Irene. Lala mpaka jua lipite dirishani, lala mchana ukitaka, na atakayekuamsha, awe baba yako au awe padri, atanitambua.

Imakulata anakusalimu sana. Yonas anakusalimu, hana maneno mengi siku hizi. Mary anasema usisahau ulimwahidi kumchagulia mtoto jina, na anasubiri. Msalimie yule mwalimu mwenzako unayekaa naye nyumba moja, mwambie namwomba akutazame. Mungu akulinde, akutie damu mwilini na usingizi machoni.

Kuhusu harusi ile, usijilazimishe kunijibu. Kama bado inauma, iache iume, nitasubiri. Lakini wakikupima, chukua simu uniandikie namba ya damu yako. Usiweke salamu, usiweke neno jingine lolote. Namba tu, hata ikiwa ndogo, niijue.

Wako akupendaye, hata siku zile nilizokupigia kelele,

Mama yako,
Veronica